DC-8 ya NASA kama kipimajoto cha kapsuli: tathmini ya huduma iliyostaafu, na cha kuagiza baada yake

Kapsuli inayorudi kutoka kwenye asteroidi huingia katika angahewa ya dunia kwa kasi ya kilomita 12 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila kilo ya chombo imebeba megajuli 72 za nishati ya mwendo, na karibu zote zinapaswa kumwagwa hewani kabla parashuti haijafunguka. Sehemu kubwa huishia kwenye hewa iliyobanwa mbele ya kapsuli. Kiasi kidogo tu hufika kwenye ngao ya joto, lakini hicho ndicho kinachoamua kama sampuli zitafika salama. Swali la fundi wa ngao ni fupi: uso ulipokea wati ngapi kwa kila sentimita ya mraba, na kwa wakati gani?

Kwa kapsuli mbili, Stardust ya mwaka 2006 na Hayabusa ya mwaka 2010, sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwenye madirisha ya ndege moja kuukuu, DC-8 ya NASA iliyogeuzwa maabara ya kuruka. Stardust ilitoka kwenye kometi, si asteroidi, ila kapsuli yake ndiyo mama wa ile ya OSIRIS-REx, chombo cha NASA kilicholeta sampuli za asteroidi Bennu mwaka 2023, kwa hiyo haiwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Ndege ilistaafu mwaka 2024 na kukabidhiwa chuo kikuu cha Idaho State, mjini Pocatello, ifundishie mafundi wa ndege. Ni wakati wa kusema wazi huduma hii ilikuwa na thamani gani na ilipwaya wapi. Msimamo wetu tunautoa mapema: kwa kupima halijoto ya uso hakuna kilichoishinda, lakini kapsuli inayorushwa bila hata kihisi kimoja ndani ya ngao inaitwisha ndege mzigo isioweza kuubeba.

Ndege yenyewe

Ni DC-8-72, usajili N817NA, iliyoundwa mwaka 1969. Ilibeba abiria kwanza, NASA ikaichukua katikati ya miaka ya 1980. Injini zake ni CFM56 nne, iliweza kukaa hewani hadi saa 12, ilibeba vifaa vya tani 13 hivi, na kuruka kwenye kimo cha kilomita 12 kulikuwa kazi yake ya kawaida. Makao yalikuwa Palmdale, California.

Saa 12 maana yake rubani anaweza kufika eneo la kazi mapema, akafanya mizunguko ya mazoezi, akarekebisha kwa upepo uliopo usiku huo, na bado akabaki na mafuta ya kurudi. Tani 13 maana yake hakuna timu inayoambiwa iache spektrografu yake, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake, nyumbani. Katika kazi ya Hayabusa, iliyofanyika kutokea Melbourne, watu wa Marekani, Ujerumani, Japani na Australia walikaa ndani ya ndege moja, kila mmoja na dirisha lake na masafa yake ya mwanga. Hilo ndilo jambo bora kabisa kuhusu DC-8. Kifaa kimoja kikisema uso ulifika kelvini 3000, hutajua kama ni kweli au ni kosa la kamera. Vifaa vinne vyenye urekebishaji tofauti vikikubaliana, unaanza kuamini.

Kimo cha kilomita 12 kinakuweka juu ya mawingu karibu yote na juu ya karibu mvuke wote wa maji, kwa hiyo mwanga wa infraredi unafika bila kukatwa vipande. Lakini wengi husahau kwamba kimo hicho hakikuvushi ozoni. Tabaka lenye ozoni nyingi liko kilomita 20 hadi 25 juu, na kapsuli inafikia kilele cha joto ikiwa kilomita 60 hivi juu. Ozoni inabaki katikati yenu. Mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 300 haufiki kwako hata ungekuwa na kamera ya dhahabu, na anayeandika mpango wa vipimo kwenye eneo hilo anapoteza nafasi ya dirisha.

Kisha kuna kioo. Madirisha ya kawaida ya ndege ya abiria ni akriliki, na akriliki hufyonza ultravioleti kuanzia pale pale unapohitaji kuona: bendi ya sianojeni, yaani kaboni iliyoungana na naitrojeni, iko kwenye nanomita 388, na ile ya molekuli ya naitrojeni iliyopoteza elektroni iko kwenye 391. Ya kwanza inakuambia ngao inaliwa, ya pili inakuambia hewa mbele ya kapsuli imepata joto kiasi gani. Dirisha la kifaa cha ultravioleti lazima liwe la silika safi. Na kwa kuwa bendi hizo mbili zimeachana kwa nanomita 3 tu, spektrografu yenye uwezo wa kutenganisha nanomita 5 itakupa kilima kimoja kisichosema lolote. Dai nanomita 1 au chini ya hapo.

Kazi ya nusu dakika

Wakati wenye thamani ni kama sekunde 30. Yote yaliyotangulia ni kujiandaa kwa sekunde hizo, na makosa mengi yanayoua data hutokea kabla hazijaanza.

Rubani anaruka kwenye njia ya mviringo mrefu, na zamu ya mwisho inapaswa kumtoa akiwa ameelekeza ubavu wa ndege penye njia ya kapsuli kwa wakati uliopangwa. Akichelewa sekunde 10 anakuwa nyuma kwa kilomita 2 na ushei, jambo dogo kwa umbali. Kosa kubwa ni ndege kuwa bado imelala kwenye kona: dirisha linatazama ardhi au linatazama juu mno, na hakuna mkono utakaolisahihisha hilo.

Aliyekaa dirishani naye ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Chukua kapsuli iliyo umbali wa kilomita 150 ikikata mbele yako kwa kilomita 12 kwa sekunde. Inatambaa angani kwa digrii 4.6 kila sekunde. Spektrografu yenye uwanja wa digrii moja ingevukwa kwa moja ya tano hivi ya sekunde kama ingesimama tuli. Kwa hiyo vifaa vingi vya Stardust na Hayabusa viliongozwa kwa mkono: kamera pana ya kutafutia imefungwa sambamba na ile nyembamba ya kupimia, mtu anatazama skrini ndogo, anaweka nukta kwenye msalaba, na kusukuma mkono wa kamera kwa mwendo ule ule. Misalaba ya kamera hizo mbili isipolinganishwa kwa kutumia nyota katika safari hiyo hiyo, mtu ataifuata nukta vizuri mno huku spektrografu ikipiga picha giza pembeni. Ulinganishaji uliofanyika chini kiwanjani hautoshi, kwa sababu baridi ya kilomita 12 na mgandamizo wa kabini husogeza fokasi na kupinda vishikio.

Lililoharibu fremu nyingi kuliko yote katika fani hii ni mwanga kupita kiasi. Kapsuli huanza ikiwa nukta hafifu, kisha mwanga hupanda kwa kasi, hukaa kileleni sekunde chache, halafu hushuka. Ukiweka kamera ione mwanzo, kilele kinachomeka na kuwa cheupe chote, na fremu iliyochomeka haina halijoto ndani yake. Dawa si kubadilisha mipangilio katikati ya kazi, kwa sababu hapo unavuruga urekebishaji wote. Dawa ni kamera mbili zinazotazama kitu kimoja, moja ikiwa na kichujio cha kupunguza mwanga mara mia hivi, zote zikiwa zimefungwa kwenye kipimo kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Saa nayo isipuuzwe. Kila fremu ipigwe muhuri wa wakati wa GPS. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kilomita 1.2 kwenye njia ya kapsuli, na ukija kulinganisha na hesabu za mtiririko wa hewa utakuwa unalinganisha kimo kisicho chake.

Kutoka kwenye mwanga hadi kwenye joto

Uso wa ngao iliyogeuka mkaa hung'aa karibu sawa na kitu cheusi kamili, ukitoa asilimia 85 hadi 90 ya mwanga ambao kitu hicho kingetoa. Unapima mwanga kwenye masafa mengi, unaondoa mistari ya gesi, na mkunjo unaobaki unaulinganisha na sheria ya Planck, inayosema kitu chenye halijoto fulani hutoa mwanga kiasi gani kwa kila urefu wa wimbi. Uzuri wake ni kwamba umbo la mkunjo linatoa halijoto bila kuhitaji umbali wala ukubwa wa kapsuli. Mwangaza kamili unatumika baadaye kuhakiki.

Kabla ya hapo unahitaji minyororo mitatu ya urekebishaji: taa ya tangsteni inayojulikana nguvu yake, iliyopimwa na kifaa kile kile kupitia dirisha lile lile, nyota angavu zilizopigwa usiku wa kazi, na hesabu ya hewa iliyo kati yako na kapsuli. Ukikosa wa kwanza, mingine haikuokoi. Timu makini hupiga taa kabla ya safari na baada ya safari, na tofauti kati ya mara hizo mbili ndiyo inayowapa ukubwa wa shaka yao.

Sasa twende kwenye hesabu. Uso wa kelvini 3000 wenye utoaji wa 0.9 unarudisha angani wati 413 kwa sentimita ya mraba. Kwa kuwa joto hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto, kosa la kelvini 100 hapo linakuletea kosa la asilimia 14 kwenye joto linalotoka. Hiyo ndiyo sababu urekebishaji unastahili siku nyingi kuliko safari yenyewe.

Na hapa ndipo huduma inapofikia ukomo wake. Ndege inaona joto linalotoka, haioni linaloingia. Kati ya hayo mawili kuna joto linalozama ndani ya ngao, joto linalotumika kuvunja resini ya fenoli na kuichoma kaboni, na gesi inayotoka kwenye mkaa na kusukuma mbali hewa ya moto. Ngao ya Stardust ilisanifiwa kwa wati 1200 kwa sentimita ya mraba. Hutafika kwenye namba ya aina hiyo kwa kuangalia mng'ao peke yake, unahitaji kompyuta na sifa za nyenzo zilizopimwa kwenye tanuru za plasma kama ile ya megawati 60 ya Ames, kituo cha utafiti cha NASA. Tena ndege inaona wastani wa uso wote unaoelekea kwake. Sehemu zenye moto zaidi huutawala wastani huo, hasa kwenye mwanga wa bluu, na pembe ya kutazama inabadilika kapsuli inapopita, kutoka karibu na pua hadi ubavuni. Anayechapisha namba moja akaiita joto la pua bila kueleza alivyoigeuza, msomaji aiweke kando.

Ilivyofanya kazi kwenye kapsuli mbili

Stardust ilikuja alfajiri ya Januari 15, 2006, ikaangukia jangwa la Utah. Kapsuli yenye kipenyo cha sentimita 81 na uzito wa kilo 46, kasi ya kilomita 12.9 kwa sekunde, usiku, na chombo mama kimeshageuzwa njia. Mazingira hayapati kuwa safi kuliko hapo. Spektrografu zilipata mkunjo wa uso, mistari ya oksijeni na naitrojeni ya hewa, sianojeni ya ngao, na mwanzoni kabisa mistari ya zinki na potasiamu. Zinki na potasiamu hazimo kwenye ngao. Zilitoka kwenye rangi iliyopakwa juu yake. Somo hilo ni la thamani: anayeagiza kipimo apeleke kwa timu orodha kamili ya kila kilichopakwa, kubandikwa au kufungwa upande wa mbele, la sivyo watahangaika miezi wakitafuta chanzo cha mstari.

Hayabusa ilikuwa ngumu zaidi. Usiku wa Juni 13, 2010, juu ya Woomera, Australia Kusini, kapsuli ya sentimita 40 iliingia pamoja na chombo chake mama, kwa sababu chombo hakikuwa na uwezo wa kukwepa. Kapsuli ilikuwa imeachwa saa tatu kabla, ikawa inatangulia kidogo na kuwa chini kidogo. Nyuma yake mamia ya kilo za alumini, betri na mafuta vilipasuka kwa mwanga mkubwa. Kipimo cha kweli cha watu wa dirishani kilikuwa kuitenga nukta moja tulivu inayotangulia na fataki iliyo nyuma yake, na video za DC-8 zinaionyesha nukta hiyo ikiendelea peke yake baada ya vipande vyote kuzimika.

Kwa spektra zisizo na mpenyo (ufa mwembamba unaozuia mwanga wa pembeni), ambazo hupanua kila kitu kilicho kwenye picha, mwanga wa vipande uliangukia juu ya mkunjo wa kapsuli kwa sekunde kadhaa. Sekunde hizo hazikombolewi kirahisi. Fremu bora za kapsuli zilipatikana baadaye, ikiwa chini zaidi na baridi zaidi. Timu ya Kijapani iliyopima kutoka ardhini ilipata kelvini 2437 kapsuli ikiwa kimo cha kilomita 42 hivi, ikalingana na utabiri. Timu hiyo hiyo ilitambua mistari ya atomi karibu 100 kutoka kwenye chombo mama, ukiwemo mstari mkali wa lithi kwenye nanomita 671 uliotoka kwenye betri, na kwenye bendi za naitrojeni walipata halijoto ya mtetemo ya kelvini 13,000 hivi katika hewa iliyobanwa mbele ya chombo. Walifanya hayo wakiwa jangwani, bila ndege. Usiku ukiwa hauna mawingu na kituo kikiwa mahali sahihi, ardhi inatoa data nzuri kwa gharama ndogo. Unachonunua kwenye ndege ni bima dhidi ya mawingu, infraredi safi, na uhuru wa kuchagua pembe.

Mkaa uliorudi

Kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote ni ngao yenyewe ikisharudi. Ngao ya Stardust ilikuwa kipande kimoja cha PICA, nyuzi za kaboni zilizonyweshwa resini ya fenoli, nyepesi kiasi cha gramu 0.27 hivi kwa sentimita ya ujazo, na unene wa milimita 58. Baada ya kutua walikata vipande vya mviringo kutoka karibu na pua na ubavuni. Ukiangalia kipande hicho kwa ubavu unaona mipaka kwa macho: mkaa mweusi unaovunjika kwa kucha, chini yake ukanda mwembamba ulioungua nusu, kisha nyenzo ambayo haikuguswa na moto kabisa. Karibu na pua zilikuwa zimeliwa milimita 6 hivi. Kompyuta zilikuwa zimetabiri zaidi.

Tofauti hiyo ni habari kubwa, kwa sababu unene usiohitajika ni uzito uliochukua nafasi ya sampuli. Lakini kipande cha mkaa kinakupa jumla tu. Hakikuambii kama milimita hizo ziliondoka katika sekunde tano za kilele au taratibu kwa muda wote, na ndege haioni kina. Hapo ndipo panakosekana kihisi. Kapsuli ya Stardust haikuwa na hata kimoja ndani ya ngao, na OSIRIS-REx, iliyorithi umbo, kipenyo na nyenzo zile zile, nayo haikuwa nacho. Tunaelewa hoja ya waliosanifu: kila tundu kwenye ngao ni njia ya moto kupenya, na kazi yao ni kurudisha udongo. Bado tunaona ni nafasi iliyopotea mara mbili.

Kama vihisi vingewekwa

Mfano wa kuigwa upo, ingawa ulikwenda Mars. Ngao ya chombo kilichoifikisha roboti ya Curiosity mwaka 2012 ilikuwa na vizibo saba vya PICA, kila kimoja kikiwa na themokapo nne (vihisi vya joto vya waya mbili zilizounganishwa) kwa vina tofauti, cha juu kabisa milimita 2.5 chini ya uso. Kizibo kinatengenezwa kwa nyenzo ile ile ya ngao, waya zinapandwa ndani yake maabara, kisha kinagundishwa kwenye tundu.

Usinakili vina hivyo kwa kapsuli ya asteroidi. Palipoliwa milimita 6, themokapo ya milimita 2.5 na ya 5 zitakufa kabla ya mambo kuanza. Kwa ngao ya aina ya Stardust anzia milimita 8 hadi 10, kisha 15, kisha 25. Ya juu iwe ya tangsteni na renia, kwa sababu ile ya kawaida ya aina ya K huyeyuka kwenye nyuzi 1400 hivi za Selsiasi. Za chini zinaweza kuwa K bila wasiwasi.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza ni waya kushuka moja kwa moja kutoka kwenye ncha ya kupimia. PICA hupitisha joto vibaya sana na chuma hupitisha vizuri, hivyo waya unalichota joto kutoka kwenye ncha, na usomaji unakuwa chini na wa kuchelewa. Waya ulazwe sambamba na uso kwa milimita kadhaa pande zote mbili za ncha kabla ya kukunjwa kwenda chini, kama herufi U iliyopinduliwa. La pili ni mkaa. Resini ikishaungua, kinachobaki kinapitisha umeme, na waya mbili zisizo na kinga ya kauri zinagusana kupitia mkaa mahali pa juu kuliko ncha. Grafu itapanda ghafla, nawe utadhani ngao imepasuka. La tatu ni kina. Kosa la nusu milimita karibu na uso ni mamia ya nyuzi. Kila kizibo kipigwe eksirei baada ya kukamilika, na kina kinachotumika kwenye hesabu kiwe kile kilichopimwa, si kile kilichochorwa.

Gundi ya silikoni inayozunguka kizibo nayo haiungui kwa kasi sawa na PICA. Huacha kingo au mfereji mdogo, na hewa inayopita hapo huvurugika. Weka kizibo cha pembeni mahali ambapo mvurugiko wake hautaangukia kizibo kingine kilicho nyuma yake.

Anayedhani vihisi ni anasa akumbuke Galileo, chombo cha NASA kilichokwenda Jupita. Kapsuli yake iliingia Jupita Desemba 7, 1995 kwa kilomita 47 kwa sekunde, ikiwa na vihisi vya kupima kiasi cha ngao kinacholiwa. Vilionyesha pua ililiwa pungufu ya utabiri na bega, yaani ukingo wa nje wa ngao, likaliwa zaidi, karibu kufika ukomo. Hakuna darubini ingeliona hilo. Na mwaka 1965 jaribio la FIRE II liliweka kalorimita (vipima kiasi cha joto) za berili kwa tabaka tatu kwenye kapsuli ya kilomita 11 kwa sekunde. Hadi leo, mtu akiandika programu mpya ya kukokotoa joto la kuingia, data hizo za miaka 60 ndizo anazojipima nazo. Hiyo ndiyo faida ya kupima ndani.

Waliofuata

Hayabusa2 ilipiga hatua. Kapsuli iliyotua Woomera Desemba 6, 2020 kwa saa za huko, ikiwa na gramu 5.4 za asteroidi Ryugu, ilibeba moduli ndogo ya kupima mchapuko, mzunguko na halijoto ndani ya kapsuli. Si kihisi cha ndani ya mkaa, lakini mchapuko peke yake unakupa msongamano wa hewa iliyopitiwa, na hapo hesabu ya joto inapoteza nusu ya visingizio vyake. Tena chombo mama kilikwepa na kuendelea na safari, kwa hiyo angani palikuwa na nukta moja safi, usiku. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya Hayabusa mbili za kujifunzia, anza na hii.

OSIRIS-REx, Septemba 24, 2023, ilikuja asubuhi jua likiwa juu. Ilileta gramu 121.6 za Bennu, ushindi mkubwa, lakini kwa mpima joto mchana ni adui: mwanga wa anga unameza mkunjo wa kapsuli kwenye bluu na kijani, na unabaki na infraredi. Ndege za WB-57, za NASA za kuruka juu sana, ziliifuata, na kamera zake zilisaidia kuona kilichotokea kwenye parashuti ya kwanza, ambayo haikufunguka kwa wakati wake kwa sababu neno "main" lilimaanisha vitu viwili kwenye michoro ya nyaya. Kilichong'ara siku hiyo ni vinasa mngurumo wa chini usiosikika kwa sikio, vilivyotawanywa kwa wingi Nevada, vingi vikiwa karibu na Eureka ambako kilele cha joto kingepita juu. Mngurumo unapima wimbi la mshtuko, haupimi joto. Utumie kuthibitisha njia na wakati, na umkatalie anayekuuzia kama kipimajoto.

Agizo letu

Kapsuli ya Tianwen-2 ya Uchina, iliyorushwa Mei 2025 kwenda asteroidi Kamoʻoalewa, inatarajiwa kurudi mwishoni mwa 2027, na nyingine zitafuata. NASA nayo imeirithisha Boeing 777 kazi za DC-8. Anayepanga kampeni sasa aagize ndege mbili, moja mbele ya kilele cha joto na nyingine baada yake, ili pembe za kutazama zitofautiane. Kila ndege iwe na spektrografu moja ya nanomita 380 hadi 900 kwenye dirisha la silika, moja ya infraredi, na kamera pana mbili zenye vichujio tofauti. Mtu mmoja kwa kifaa kimoja, asipewe viwili. Mazoezi kamili ya mzunguko yafanyike usiku uliotangulia, kwa saa ile ile.

Upande wa kapsuli adai vizibo viwili tu, kimoja karibu na pua na kimoja begani, themokapo tatu kila kimoja, na kinasa chenye kumbukumbu ya ndani kinachosoma mara kumi kwa sekunde. Mkataba wa urejeshaji utaje ngao kwa jina: iokotwe kwa glavu, ifungwe kabla mvua haijainyeshea, na isisafishwe mchanga na mtu yeyote hadi ipigwe eksirei. Huduma ya DC-8 tunaipa nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki haikuwa mikononi mwake. Ilipaswa kuwekwa ndani ya ngao kiwandani, kabla ya roketi kuwashwa.